Vumbi la pamba: gharama isiyoandikwa kwenye bei ya kiwanda

MWANZA. Kila mwaka, kabla ya msimu wa ununuzi wa pamba kufunguliwa mwezi Mei, huwa kuna pilika za watu wanaotafuta kiwanda cha kuchambua pamba cha kukodi, au cha kununua kwa ubia. Mazungumzo huwa yale yale. Mashine ni za rola au za msumeno? Mota nzima ni ngapi? Paa linavuja? Deni la umeme limelipwa? Barabara inapitika wakati wa mvua? Ni nadra mnunuzi kuuliza vumbi la kiwanda hicho linakwenda wapi.

Swali hilo lina fedha ndani yake, na lina afya za watu. Kiwanda ambacho mabomba yake ya kufyonza vumbi yameoza huuzwa kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi mgeni katika biashara hii hudhani amepata. Baada ya msimu mmoja hugundua kwamba tofauti ya bei aliyofurahia ni ile ile anayotakiwa kuitoa mfukoni kwa ajili ya feni, mabomba na mifuko ya chujio. Akiamua kutoitoa, anayeilipa ni kibarua anayesimama mbele ya mashine.

Hali ya soko lenyewe haisaidii. Bei dira ya pamba mbegu mwaka 2022 ilikuwa Sh. 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ikawa Sh. 1,060. Uzalishaji nao hupanda na kushuka: takriban tani 349,000 katika msimu wa 2019/20, kisha takriban tani 122,000 msimu uliofuata. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya nchi hutoka katika ukanda huu wa magharibi, kwa maana ya mikoa ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara na jirani zake, kwa hiyo mtikisiko wowote hufika moja kwa moja kwenye viwanda vya huku. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe katika msimu wa 1994/95, uwezo wa mashine umekuwa mkubwa kuliko pamba inayopatikana, na viwanda vingi hufanya kazi miezi michache tu kwa mwaka. Katika biashara yenye mawimbi namna hiyo, mwenye kiwanda hupunguza kwanza matumizi ambayo hayapigi kelele. Mota ikiungua, kazi inasimama siku hiyo hiyo. Mfuko wa chujio ukitoboka, kazi inaendelea kama kawaida.

VUMBI LENYEWE NI NINI

Pamba ya Kanda ya Ziwa huchumwa kwa mkono, na kwa hiyo ni safi kuliko ile inayovunwa kwa mashine katika nchi nyingine. Hata hivyo haifiki kiwandani ikiwa nyuzi na mbegu tupu. Huja na vipande vya majani makavu, vikonyo, yale majani madogo yanayokumbatia tumba la pamba, na udongo wa shambani. Pamba fifi, yaani ya daraja la pili, huja na zaidi.

Kuna pia tabia ya kutia mchanga au maji ili kuongeza uzito kwenye mizani, ambayo Bodi ya Pamba imeikemea kwa miaka mingi. Wafanyabiashara huizungumza tabia hii kama wizi wa kilo, na ni kweli ni wizi. Lakini hasara haiishii kwenye mizani. Mchanga unaopita katika mashine husagika na kuwa vumbi la silika, ambalo ni kali kwa mapafu. Maji nayo huwapa nafasi bakteria wanaoishi juu ya majani ya pamba. Bakteria hao wana sumu katika ngozi yao, iitwayo endotoksini, na watafiti wengi huihesabu sumu hiyo kuwa chanzo kikubwa cha kifua kubana kwa wafanyakazi wa pamba. Mnunuzi anayekataa pamba mbichi kwenye chama cha msingi analinda daraja la nyuzi zake na pia hewa ya kiwandani, hata kama hilo la pili halimo akilini mwake.

Kiasi chake si kidogo. Pamba mbegu ikichambuliwa hutoa takriban theluthi moja ya nyuzi na karibu theluthi mbili za mbegu. Asilimia chache zinazobaki ni takataka na upotevu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kiwanda kidogo kinachochambua tani 20 kwa siku, na takataka zikawa asilimia 2. Hizo ni kilo 400 kila siku. Sehemu kubwa ni nzito na huanguka chini, lakini hiyo inayobaki angani ndiyo yenye matatizo.

Hapa wengi hukosea. Mtu akiingia kiwandani huona manyoya meupe yakielea na kunata kwenye nyusi za vibarua, akadhani hayo ndiyo hatari yenyewe. Manyoya hayo ni makubwa. Pua huyazuia, au huanguka. Vumbi linalofika ndani ya kifua halionekani kwa macho. Hupimwa kwa mikroni, na mikroni 1,000 hufanya milimita moja. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe iliyo chini ya mikroni 10 hupita puani na kooni, na iliyo chini ya mikroni 4 hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako damu huchukua hewa. Katika hewa iliyotulia, chembe ya mikroni 10 huchukua dakika tano au sita kushuka mita moja. Ya mikroni moja huchukua kama saa nane, yaani zamu nzima. Ndiyo maana kiwanda kinaweza kufagiwa kikapendeza, mgeni akakisifia, na hewa yake ikawa bado chafu.

Kufagia kwenyewe, kwa ufagio mkavu, au kupuliza mashine kwa hewa ya kompresa mwisho wa zamu kama ilivyo desturi ya mafundi wengi, hurudisha angani kile kilichokwisha kutua. Dakika hizo ishirini za usafi zinaweza kuwa mbaya kuliko saa kadhaa za kazi.

KIFUA CHA JUMATATU

Ugonjwa unaohusika huitwa bisinosisi. Dalili yake ya kwanza ni ya ajabu kidogo, na ndiyo inayoutofautisha na pumu ya kawaida: kifua hubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Mfanyakazi hupumzika Jumapili, Jumatatu mchana kifua kinakaza na pumzi inakuwa fupi, Jumanne anajisikia afadhali. Miaka inavyokwenda, kubana huko huenea hadi siku nyingine za wiki, na mwisho huwa ni kwa kudumu. Hapo pumzi iliyopotea hairudi. Daktari Mwingereza Richard Schilling ndiye aliyeupanga ugonjwa huu kwa madaraja katika miaka ya 1950, akiwachunguza wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire. Anayevuta sigara huumia zaidi.

Tanzania si ngeni katika habari hii. Mwaka 1978 ulichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa katani wa hapa nchini, uliochunguza bisinosisi na kupima pumzi zao. Shirika la Kazi Duniani (ILO) nalo limeuweka ugonjwa wa vumbi la pamba, kitani, na katani katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi yanayostahili fidia.

Ugumu wa viwanda vya kuchambua pamba ni kwamba kazi ni ya msimu. Kibarua hufanya kazi kuanzia katikati ya mwaka, pamba ikiisha hurudi shambani au ziwani, na kifua hupata nafuu. Msimu unaofuata huanza upya. Akikohoa huenda zahanati, hupewa dawa ya kikohozi, au hupimwa kifua kikuu na kuambiwa hana. Hakuna anayemuuliza anafanya kazi wapi, na kiwandani hakuna daftari linaloonyesha kwamba mtu yule yule aliumwa Juni ya mwaka jana.

Marekani ilipitia njia hii kabla yetu, na mwenendo wa huko una somo la kibiashara. Mwaka 1978 serikali ya huko iliweka kikomo cha vumbi la pamba katika viwanda vya kusokota nyuzi, miligramu 0.2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na miligramu 0.75 kwenye ufumaji. Wenye viwanda walikwenda mahakamani wakidai gharama haibebeki. Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1981 iliamua kikomo kibaki. Kilichofuata kiliwashangaza hata baadhi ya waliokuwa wakipinga: gharama halisi zilikuja kuwa ndogo kuliko makisio, kwa sababu viwanda vingi viliamua kununua mashine mpya zenye kasi na zilizofunikwa vizuri, vumbi likapungua na uzalishaji ukaongezeka kwa pamoja. Tathmini ya serikali hiyo ya mwaka 2000 ilisema wagonjwa wa bisinosisi walishuka kutoka takriban asilimia 20 ya wafanyakazi hadi takriban asilimia 1. Haipasi kusahau, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ya vumbi ilihamia nchi nyingine katika miaka hiyo hiyo. Isitoshe, kikomo hicho hakikuwagusa wachambuaji wa pamba. Viwanda vya aina ya hivi vyetu viliachwa nje.

Mtu afanyaye kazi ya nguvu za wastani huvuta takriban mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu ya saa nane. Kwa kikomo cha miligramu 0.2, huingiza miligramu 2 kwa siku. Hewa ikiwa na vumbi mara tano zaidi, huingiza miligramu 10, siku baada ya siku kwa msimu mzima.

FEDHA HUOKOLEWA MDOMONI MWA BOMBA

Mtambo wa kusafisha hewa ni mlolongo wa vitu vitano: kifuniko au mdomo wa kunasia vumbi pale linapotoka, bomba, saikloni, nyumba ya mifuko ya chujio, na feni. Anayeuza mitambo hupenda kuzungumzia feni, kwa sababu ndiyo yenye bei kubwa. Mnunuzi mwerevu huanzia upande wa pili, yaani mdomoni.

Sababu ni ya kihesabu. Bomba linalofyonza halifanyi kazi kama linalopuliza. Mtu anaweza kupuliza mshumaa kutoka mbali kwa mkono mmoja, lakini hawezi kuuzima kwa kuvuta pumzi akiwa umbali huo huo. Kwenye bomba la kufyonza, ukisogea nje ya mdomo kwa umbali ulio sawa na upana wa bomba, kasi ya hewa huwa imebaki takriban sehemu moja ya kumi. Bomba la upana wa sentimita 30 lililotundikwa mita moja juu ya mashine, kama yanavyoonekana katika viwanda vingi vya zamani, hufyonza hewa safi ya darini na kuliacha vumbi likipita usoni mwa kibarua.

Mwenye kiwanda akiona vumbi halipungui, hushauriwa aongeze feni. Hapo ndipo fedha inapoteketea. Katika mabomba yale yale, umeme wa feni huongezeka kwa ujazo wa ongezeko la hewa: ukitaka hewa zaidi kwa asilimia 20, umeme unaongezeka kwa asilimia 73; ukitaka mara mbili, unahitaji umeme mara nane. Kinyume chake, fundi wa bati akizungushia mashine kifuniko na kuacha matundu ya kazi peke yake, hewa inayohitajika hushuka, na feni ndogo hutosha. Bati na kulehemu vinapatikana kwa mafundi wa mjini Mwanza; feni kubwa na mota yake vitaagizwa.

Baada ya mdomo ni bomba. Hewa yenye vumbi inatakiwa isafiri ndani ya bomba kwa kasi ya kama mita 18 kwa sekunde; ikipungua sana, vumbi na manyoya hutua, bomba huziba polepole, na siku moja cheche ya jiwe au kipande cha chuma kilichokuja na pamba hukuta kuni zimeshapangwa. Moto wa namna hiyo husafiri na hewa hadi kwenye chujio. Wakala wa bima anayejua kazi yake huangalia ndani ya mabomba kabla ya kutaja malipo.

Saikloni ni lile pipa refu lenye umbo la koni linaloonekana nje ya kila kiwanda cha pamba. Hewa huingia kwa pembeni ikazunguka, uchafu mzito ukasukumwa ukutani na kuanguka chini, na hewa ikatokea juu. Haina kitu cha kuziba, haina mfuko wa kubadilisha, hudumu miaka mingi, na kwa sababu hiyo inapendwa. Hunasa vizuri chembe zilizo juu ya mikroni 10. Zile ndogo, ambazo ndizo zinazoingia kifuani, nyingi hutoka juu pamoja na hewa na kuwashukia majirani. Mwenye kiwanda anayesema ana mtambo wa kuzuia vumbi kwa maana ya saikloni tupu, ameeleza nusu ya mtambo.

Nusu ya pili ni mifuko. Hewa hupitishwa kwenye kitambaa kizito, vumbi hujenga tabaka juu ya kitambaa, na tabaka hilo lenyewe ndilo linalochuja vizuri zaidi. Chujio la mifuko lililo zima hunasa zaidi ya asilimia 99 ya vumbi, pamoja na laini. Kila baada ya muda mfupi hewa ya kompresa hupiga mfuko kutoka ndani ili tabaka lianguke. Kosa la kawaida la wauzaji ni kupunguza eneo la kitambaa ili bei ionekane ndogo. Kwa vumbi jepesi lenye nyuzi, busara ni hewa ipite kwenye kitambaa kwa kasi ya kati ya mita 1 na 2 kwa dakika. Feni inayovuta mita 5 za ujazo kwa sekunde huvuta 300 kwa dakika. Kwa kasi ya mita 1.5 kwa dakika inahitaji mita za mraba 200 za kitambaa. Muuzaji anayeleta mita 80 kwa kazi hiyo anauza mifuko itakayoziba kabla ya Agosti.

Kujua hali ya mifuko hakuhitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi, ncha moja ikaunganishwa kabla ya chujio na nyingine baada yake, unatosha. Tofauti ya kina cha maji ya milimita 100 hadi 150 huashiria kazi ya kawaida. Ikipanda sana, mifuko imeziba. Ikishuka ghafla, kuna mfuko umetoboka au umechomoka. Karani anaweza kuandika namba hiyo mara mbili kwa siku pamoja na idadi ya marobota. Asubuhi zenye umande wa ziwa, feni iachwe ivute hewa tupu dakika chache kabla pamba haijaingia, kwani vumbi likikutana na kitambaa chenye unyevu hugeuka tope lisilobanduka.

Katika viwanda vya kusokota na kufuma, vya aina ya Mwatex ya hapa Mwanza au Mutex ya Musoma vilivyojengwa enzi za viwanda vya umma, hesabu ni tofauti. Uzi huhitaji unyevunyevu maalumu, kwa hiyo kwa kawaida hewa huchujwa na kurudishwa ndani. Chujio likiharibika huko, hewa chafu haitoki nje hata kidogo, huzungushwa.

NI SHILINGI NGAPI KWA ROBOTA?

Turudi kwenye mfano wetu wa tani 20 kwa siku. Feni ya mita 5 za ujazo kwa sekunde, ikishinda ukinzani wa mabomba na mifuko wa paskali 2,000 kwa ufanisi wa asilimia 60, inakula karibu kilowati 17. Kwa saa 20 za kazi ni uniti 340 za umeme. Tani 20 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 6,800 za nyuzi, ambazo ni marobota 37 au 38 ya kilo 181. Kwa hiyo ni uniti tisa kwa robota, bila kuhesabu kompresa. Tukichukua Sh. 200 kwa uniti kwa ajili ya hesabu tu (kila mtu aweke bei iliyo kwenye ankara yake), ni Sh. 1,800 kwa robota, au Sh. 10 kwa kilo ya nyuzi. Ukiirudisha kwenye pamba mbegu ni Sh. 3 na senti kidogo kwa kilo. Tofauti ya bei dira kati ya mwaka 2022 na 2023 ilikuwa Sh. 500 kwa kilo.

Umeme, basi, si hoja. Hoja ni mtaji wa kuanzia na nidhamu ya kubadilisha mifuko, na hayo mawili ndiyo yanayotakiwa kuingizwa katika majadiliano ya bei kabla ya kusaini. Anayekodi kwa msimu mmoja ana kishawishi kikubwa zaidi cha kuliacha jambo hili, maana mabomba atakayotengeneza yatabaki kwa mwenye mali. Njia inayofaa ni kuandika katika mkataba kwamba gharama hiyo ikatwe kwenye kodi, au mkataba uwe wa misimu mitatu.

Upande wa sheria uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950. Inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, atathmini hatari zilizopo, na awapime wafanyakazi afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Msimamizi ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ambao una ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Fidia nayo hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara.

Wengine huona upimaji wa vibarua wa msimu kama fedha ya bure. Katika hilo wanajikosesha kinga yao wenyewe. Kupima pumzi kwa kumpulizisha mtu kwenye kifaa kiitwacho spairometa ni kazi ya dakika chache. Kipimo cha siku ya kuingia huonyesha kibarua alikuja na kifua cha namna gani, pengine kilichochoka tayari katika kiwanda kingine. Na kipimo cha Jumatatu asubuhi kikilinganishwa na cha Jumatatu jioni huonyesha kama chujio linafanya kazi, kwa uhakika kuliko maneno ya fundi.

Kuhusu barakoa, kitambaa au kanga iliyofungwa puani huzuia manyoya na si zaidi. Barakoa za N95 au FFP2, ambazo wengi walizijua wakati wa Uviko-19, hunasa asilimia 94 au 95 na zaidi ya chembe laini, ilimradi zibane uso vizuri. Ndevu huharibu kazi hiyo yote. Katika joto la jineri mwezi wa Septemba hakuna anayeivaa saa nane mfululizo. Zinafaa kwa wanaobadilisha mifuko na kusafisha mabomba, kazi ya saa moja au mbili, na hapo zinafaa sana.

Wawekezaji wadogo wa Mwanza wanaopeleka fedha zao kwenye makarasha ya mawe ya dhahabu mkoani Geita wajue kwamba huko vumbi ni la aina nyingine. Utafiti kuhusu wachimbaji wadogo wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wastani wa silika wa miligramu 16.85 kwa mita ya ujazo chini ya ardhi, na 0.19 juu ya ardhi, wakati kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani ni 0.05. Silika haina Jumatatu. Hukaa kimya miaka, haina tiba, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Nafuu iliyopo ni kwamba mawe yanaweza kunyunyiziwa maji yakiwa yanasagwa na vumbi likafa pale pale, jambo ambalo mwenye pamba hawezi kulifanya.

Kwa anayekwenda kukagua kiwanda cha pamba, tatizo ni kwamba ukaguzi hufanyika Februari au Machi, mashine zikiwa zimezimwa na sakafu imefagiwa. Mwenye mali aombwe awashe feni ya vumbi kwa dakika kumi. Kipande cha karatasi ya daftari kishikwe pale kibarua anaposimama, kisha kisogezwe polepole kuelekea mdomo wa bomba, na ipimwe kwa futikamba karatasi inaanza kuvutwa kutoka umbali gani. Mlango wa nyumba ya mifuko ufunguliwe, na upande wa hewa safi uguswe kwa kidole. Ukiwa na vumbi, mifuko imetoboka. Halafu aulizwe seti ya akiba ya mifuko iko wapi. Wenye nayo huionyesha mara moja, kwa kuwa huwa imefungwa stoo pamoja na mikanda na bearing.